Wiki Tatu za Kumkwepa Bwana Teague

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwisha. Afadhali kuandika kuliko kukaa nimeukodolea mlango macho.

Juzi tumepigwa tena. Sisi ni Wahunzi wa Erie, timu ya mpira wa Kimarekani: tumeshinda mara mbili, tumepigwa mara kumi na mbili, zimebaki mechi tatu. Mimi ndiye mpiga teke wao. Wenzangu wakikwama, naitwa, naupiga mpira upite katikati ya nguzo mbili, tunapata pointi tatu, narudi kukaa. Basi. Juzi mpira uligonga nguzo ya kushoto ukarudi. Wiki iliyotangulia uligonga ya kulia ukarudi. Mtu mwenye moyo safi angesema naanza kupata shabaha. Erie haina mtu wa namna hiyo msimu huu. Mashabiki wanakuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, wameitoboa macho, ili majirani wasiwatambue.

Na leo ni Jumanne! Jumanne wachezaji tunapumzika na klabu inaita watu wa kujaribiwa. Nilikwenda kuchungulia. Uwanjani alikuwepo mpiga teke mmoja tu, mwenye mvi. Rocco Dellaventura, miaka arobaini na mitatu, nilidhani alishastaafu akawa anafuga nyuki. Alipiga mara kumi. Zikaingia kumi. Akajishika kiuno, akasema kitu, Kocha Grissom akacheka. Miaka minne nipo hapa na Grissom hajawahi kunionyesha meno.

Nikageuka, pua ikakutana na harufu ya pipi ya mnanaa.

Alvin Teague ndiye mtoa roho wetu. Mzee mpole, viatu vya soli laini visivyo na kishindo, pipi ya mnanaa shavuni mwaka mzima. Mchezaji akikatwa, yaani akiondolewa kikosini, kocha hamfuati. Teague ndiye humwendea, humgusa bega, husema maneno yale yale tangu enzi za baba wa mwenye timu: "Kocha anakutaka. Njoo na kitabu chako." Kitabu ni kile cha mbinu zetu. Ukishakirudisha, huna timu. Msimu huu ameshagusa mabega kumi na tisa.

Nilijitupa katikati ya wafua nguo waliokuwa wanakula donati. Nikachukua donati ya mtu. Teague akasimama, akatutazama, akatabasamu kwa huzuni, akaondoka zake.

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Teague ana adabu zake, na hajazivunja hata siku moja. Hamwambii mtu mbele ya watu. Hamfuati mtu nyumbani kwake. Hamgusi mtu siku ya mechi. Lazima akukute peke yako. Basi sitabaki peke yangu! Si chooni, si kwenye ngazi, si popote, hadi mechi ya mwisho tarehe 5 Januari.

Mpiga teke anayemaliza msimu huitwa na timu yoyote ile kiangazi, hata kama ni mbovu. Anayekatwa Desemba hapigiwi simu tena. Nina miaka thelathini na sita na kazi ninayoijua ni hii moja. Baba mkwe ana duka la mazulia. Ameshanishonea shati la kazi lenye jina langu kifuani, LYLE, kwa uzi mwekundu, amelitundika nyuma ya kaunta. Nikienda dukani nalipa lile shati mgongo.

Jumatano, 18 Desemba

Siku ya kwanza ya mpango. Nimempigia Sione Fuimaono aje kunichukua. Sione ndiye mshika mpira wangu: hupiga goti, huusimamisha mpira kwa kidole, mimi napiga. Nilimwambia gari langu limekufa. Akauliza mbona analisikia linanguruma gereji. Nikamwambia aendeshe tu.

Choo ni mtihani. Nilijibana tangu saa tatu hadi saa tano, mpaka jitu mmoja wa mstari wa mbele, wale wanaosukumana na wapinzani, alipoinuka. Nikamfuata. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia napenda mazungumzo.

Pigo: Dellaventura amesajiliwa kwenye kikosi cha akiba. Kabati lake limepakana na langu. Akanisalimu, "Habari za asubuhi, mwanangu," akauliza goti langu linaendeleaje. Goti gani? Nani kamwambia nina goti? Nimelitazama siku nzima. Sasa linauma.

Ndani ya kabati nimekuta kikaratasi. "Lyle, tuonane. Peke yako. A.T." Nimekitafuna. Kina ladha ya mnanaa.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimejiunga na kila kitu. Kikundi cha Biblia cha warusha mpira. Darasa la Kihispania la mabeki. Ziara ya kituo cha wazee, ambako hakuna mchezaji aliyekanyaga tangu tulipopigwa mara ya tano. Mchana huu nimekwenda kula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na majitu wa mstari wa mbele, ambao hawajawahi kumkaribisha mpiga teke mezani. Hawakunikaribisha. Nilikaa tu. Mwisho wakanizoea, mmoja akanisimulia habari za talaka yake mpaka akalia. Nikamshika mkono. Nilikuwa naogopa kuuachia, kwa sababu nilimwona Teague mlangoni na bahasha ya kaki chini ya kwapa.

Bahasha! Imekuwa rasmi.

Jambo jingine la kutisha. Niliporudi, Kocha Grissom alikuwa amesimama kwenye korido. Alinitazama mimi na yule jitu, tumeshikana mabega. Akatoa kijidaftari, akaandika kitu. Anahesabu makosa yangu. Jasho jembamba lilinitoka mpaka viatuni.

Jumapili, 22 Desemba

Tumepigwa. Mara ya kumi na tatu. Nilipata pointi sita, lakini ziko kwenye bahari ya pointi arobaini za wenyeji wetu.

Mashabiki wetu waliotufuata walikuwa na mabango mapya. Msimu ukiisha, timu inayoshika mkia ndiyo ya kwanza kuchagua kijana kutoka vyuoni, na mwaka huu kila mtu anamtaka kijana mmoja wa Texas, Jaxon Whitlock, mrusha mpira ambaye wanasema atatutoa shimoni kwa miaka kumi. Mabango yalisema: PIGWENI TUMPATE WHITLOCK. Bibi mmoja alinipigia kelele, "Wewe mpiga teke, asante kwa kazi yako!" Sijawahi kushukuriwa vile. Nilitaka kulia.

Kwenye ndege nilikaa katikati ya Sione na Rocco. Sikupenda, lakini safu nyingine zilikuwa na mtu mmoja mmoja, na Teague alikuwa anapita na kahawa.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi kwa baba mkwe. Mzee Casimir Dombrowski anafuata mila za wazee wake wa Poland bila kupunguza hata moja: vyakula kumi na viwili, hakuna nyama, hatuli mpaka nyota ya kwanza ionekane, na kiti kimoja kinaachwa wazi na sahani yake, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa.

Mgeni asiyetarajiwa! Nilikitazama kile kiti mpaka supu ya bitiruti ikapoa. Teague hamfuati mtu nyumbani kwake. Lakini hapa si kwangu, ni kwa mkwe. Sijui adabu zake zinasemaje kuhusu nyumba za wakwe. Nilimwambia mke wangu Noreen tukiondoe kiti. Akasema nimerukwa na akili. Baba mkwe akasema mkwe wake ana haraka ya kupunguza fanicha ili zulia lionekane vizuri.

Hodi mlangoni. Nikaingia chini ya meza.

Alikuwa Rocco. Noreen alikutana naye kanisani, akamwonea huruma, mtu mzima peke yake hotelini. Akakikalia kile kiti, akala vyakula vyote kumi na viwili, akamsifu mama mkwe, akamwimbia baba mkwe. Walinipenda hivyo mwaka gani? Mimi nilikuwa bado natoka chini ya meza nikisema nimedondosha uma.

Rocco aliwaambia wote kwamba nina mguu mzuri kuliko aliowahi kuuona, ila napiga mpira kama mtu anayefukuzwa. Kila mtu akacheka. Baba mkwe akanipima mabega kwa utepe wa dukani, eti shati limeonekana dogo. Noreen aliponisindikiza jikoni aliniuliza kwa upole ninaogopa nini. Nikamwambia siogopi kitu. Kisha nikamwomba asiondoke jikoni kabla yangu.

Ijumaa, 27 Desemba

Leo nimeponea chupuchupu. Naandika nikiwa nimekaa kati ya wakandaji wawili.

Nilikuwa kwenye lifti na wapishi watatu. Salama kabisa. Ghorofa ya pili wapishi wote watatu wakatoka. Wote! Milango ikaanza kufunga, mkono wenye saa ya zamani ukaizuia, Teague akaingia. Mimi na yeye. Mnanaa ukajaa lifti nzima.

Akasema, "Lyle. Hatimaye."

Nikabonyeza kengele ya hatari. Nikaibonyeza kwa mikono yote miwili. Lifti ikasimama, watu sita wakaja mbio, zimamoto wakapigiwa simu. Kabla milango haijafunguliwa, Teague aliinama akaniambia taratibu, "Jambo lenyewe lina siku yake, Lyle. Ikipita, imepita." Nimetishwa maishani, lakini si kwa sauti ya upole vile. Nilijifanya sisikii, nikaimba.

Kwa hiyo kuna siku. Nikiivuka siku hiyo, wameshindwa. Sijui ni siku gani. Nitazivuka zote.

Jumapili, 29 Desemba

Mara ya kumi na nne. Nyumbani, mbele ya mifuko ya karatasi elfu arobaini. Nilifunga tatu kati ya tatu na nikazomewa zote tatu. Zamani nilizomewa nikikosa. Sasa sijui nisimame upande gani.

Ukweli ni kwamba mguu unapona. Rocco hukaa nami baada ya mazoezi, kwa sababu namganda, na kwa kuwa yupo hunirekebisha. Weka mguu wa kushoto hapa, mwanangu. Usitazame nguzo, mwanangu. Pumua. Bila shaka ni mtego, lakini mpira unaingia. Ananipa pia pilipili za chupa alizotengeneza mwenyewe. Kwanza nampa Sione aonje.

Alhamisi, 2 Januari

Mambo ya ajabu klabuni. Mechi ya mwisho ni Jumapili, na ghafla wazima wote wamekuwa wagonjwa. Mrusha mpira wetu ana kidole. Mkimbiaji wetu ana mgongo. Beki mmoja ana "uchovu wa jumla". Daktari anawaandikia mapumziko huku anapiga mluzi.

Nilimuuliza Sione. Akacheka, akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Tumeshinda mara mbili. Kule magharibi kuna timu imeshinda mara tatu na imeshamaliza. Tukipigwa Jumapili, sisi ndio wa mwisho na Whitlock ni wetu. Tukishinda, tunalingana nao, na kwa hesabu za ligi wao ndio watakaotangulia kuchagua. Kwa hiyo mji mzima, mwenye timu, meneja, hata padri, wanaomba tupigwe. Hakuna atakayelisema waziwazi kwa sababu ni aibu. Nikamuuliza, na Kocha je? Sione akasema Kocha yeye anataka kushinda, maskini, kwa kuwa Jumatatu atafukuzwa kwa vyovyote.

Nimekaa nikifikiri hadi kichwa kikauma. Wakubwa wanataka tupigwe. Mimi nataka wakubwa wanipende. Ikitokea Jumapili mechi ikanining'inia mguuni, nitakosa! Lakini nitakosa kwa ustadi, kwa namna ambayo meneja kule juu kwenye chumba chake cha kioo ataelewa na mashabiki watadhani ni upepo. Nani atamkata mtu aliyewaletea Whitlock?

Ni mara ya kwanza tangu Desemba nimekula chakula kikakaa tumboni.

Jumamosi, 4 Januari

Nimeshinda!

Nilipofika na Sione asubuhi, Teague alikuwa amesimama nje ya mlango wa wachezaji, theluji mabegani, bahasha mkononi. Hakujificha. Nilipita katikati ya majitu wanne wa mstari wa mbele kama waziri anayelindwa. Mmoja wao, yule wa talaka, alinifunika na koti lake.

Nikaingia chumba cha mvuke, na sikutoka. Mtu hukaa kwenye mvuke kwa muda gani? Mimi nilikaa kwa muda wa saa tatu. Watu waliingia na kutoka kwa zamu, niliwapangia zamu. Ngozi ya vidole ilikunjamana mpaka nikaogopa sitaweza kufunga kamba za viatu. Kupitia kidirisha nilimwona Teague kwenye benchi, anatazama saa.

Saa tano na nusu alimtuma mtu aniite. Nikamwambia Rocco aende yeye, amshughulishe mzee kidogo. Rocco akatoka na taulo lake. Baada ya dakika tano akarudi, ananitazama kwa namna nisiyoipenda. Akasema, "Mwanangu, toka ukaonane na yule mzee. Ni kwa faida yako, nakuapia." Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mimi si wa kudanganywa na mtu anayelitaka kabati langu. Akarudia mara ya pili. Akarudia mara ya tatu, sasa kwa ukali, akanishika mkono, nami nikashika bomba. Bomba lilikuwa la moto. Nikasema kama ni jambo zuri hivyo, alichukue yeye.

Akanitazama sana. Akasema, haya. Akatoka.

Saa sita mchana kamili Teague aliinuka, akatia bahasha ndani ya koti, akaenda zake mabega yakiwa yamelegea. Nilipiga ngumi hewani. Siku yao imepita! Kesho ni mechi, haruhusiwi kunigusa. Kesho kutwa msimu umekwisha na mimi nimo.

Viganja vina malengelenge. Si kitu, nacheza kwa mguu.

Jumapili, 5 Januari

Mungu wangu.

Naandika haraka. Sekunde nne zilibaki. Wageni kumi na tisa, sisi kumi na saba. Namna tulivyofika pale hakuna anayejua; wachezaji wa akiba hawakuwa wameambiwa kwamba tunatakiwa kupigwa, wakacheza kwa moyo wote. Yadi arobaini na nne hadi nguzoni. Kocha Grissom akaniita, sauti imekauka, akaniambia, "Lyle, nakutegemea wewe." Uwanja mzima uliokuwa na mifuko vichwani ukasimama ukaimba kwa pamoja: "Kosa! Kosa! Kosa!"

Nimeshawahi kuogopa, lakini si hivi. Nilitazama juu kwenye kioo, nikamwona meneja amefumba macho, mikono kifuani. Nikasema moyoni, usijali, bosi, mtu wako nipo.

Upepo wa ziwani ulivuma kutoka kushoto tangu asubuhi. Nikalenga nje ya nguzo ya kulia, yadi mbili nzima, ili upepo umalizie. Sione akauweka mpira. Mguu wa kushoto pale. Nikapumua. Nikapiga teke safi kuliko yote niliyowahi kupiga maishani, kwenda pabaya kabisa.

Upepo ukakata. Ukakata, halafu ukarudi kutoka upande wa pili! Mpira ukapinda angani, taratibu, mbele ya macho yangu, ukagonga nguzo ya kulia kwa ndani.

Ukaingia.

Kimya. Sijawahi kusikia watu elfu arobaini wakinyamaza. Kisha mtu mmoja akavua mfuko wake wa karatasi, akautazama, akaanza kulia ndani yake. Kocha Grissom peke yake ndiye aliyekuja mbio. Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, machozi yanamtiririka, akisema alijua, alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni mwanamume. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Sione alinirudisha nyumbani. Alipofika mlangoni alisema, "Whitlock, kaka." Basi.

Jumatatu, 6 Januari

Leo ni siku ya kusafisha makabati. Kila mchezaji anapewa mfuko mweusi wa taka, anatia viatu vyake, picha za watoto, anapeana mikono na wenzake, anaondoka.

Hakuna aliyenipa mkono. Nilipokaribia kundi, kundi lilitawanyika. Nilimsalimu yule jitu wa talaka, akageukia ukuta. Nilikwenda kantini, nikaketi meza ya watu wanane, na kabla sijafungua maziwa ilikuwa meza ya mtu mmoja. Nilikwenda chooni kwa matumaini. Wawili waliokuwemo walitoka bila kunawa. Tangu 17 Desemba sijawahi kuwa peke yangu, na leo katika jengo zima hapakuwa na mtu wa kusimama nami. Nilihisi baridi kama niliyevuliwa nguo. Nikaketi kwenye benchi mbele ya kabati langu, nikaweka mfuko magotini, nikangoja.

Mnanaa.

Alikaa kando yangu. Hakunigusa bega kwanza. Alisema amenitafuta siku kumi na nane, mbili za kwanza ili anikate na zilizobaki kwa ajili ya bahasha, na kwa miaka thelathini ya kazi hii hakuna mtu aliyemchosha vile. Kisha akatoa ile bahasha, ikiwa imechanwa, akanisomea.

Mwenye timu alimruhusu Kocha Grissom awabakize watu watatu kwa mwaka ujao, hata kama yeye mwenyewe atafukuzwa. Sharti moja: wasaini kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Na iwe siri, wengine wasivunjike moyo. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa langu. Kocha alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Timu ilipovunjika vipande vipande, kila mtu kwenye kona yake, mtu huyu alikaa na kila mmoja. Hata chooni."

Nikauliza kwa sauti ndogo kama bado. Teague akasema nafasi haikupotea. Jumamosi, zilipobaki dakika kumi, Rocco alitoka kwenye mvuke akiwa na taulo, akasema Lyle amekataa, tena amemwambia alichukue yeye. Alisaini. Kabla ya kusaini, Teague alisema, aliuliza mara mbili kama haiwezekani kuniburuta nje.

Miaka yote niliyopiga mpira, na karatasi ilikuwa inanifuata yenyewe, nami naikimbia!

Kisha Bwana Teague akavua miwani, akaifuta, akanigusa bega. Akasema, "Kocha anaku..." akanyamaza, kwa sababu Kocha Grissom alifukuzwa saa mbili asubuhi. Akafikiri kidogo. Akasema, "Kocha hayupo. Lakini njoo na kitabu chako hivyo hivyo."

Nikaenda. Alinishikia mfuko.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya tatu kwenye mazulia. Shati linabana kwapani. Wateja wawili wamenitambua: mmoja alitoka bila kununua, mwingine alinunua kapeti la bafuni akaomba nilikanyage kwanza, nilikanyage vizuri, kwa mguu ule ule.

Noreen anasema sasa nimepata funzo, mtu akikuita uende ukamsikilize. Nimemwambia nimelipata kabisa. Nimetulia. Ningekuwa nimetulia zaidi kama baba mkwe asingenijia leo saa nne, ameficha kitu nyuma ya mgongo, akanong'ona kwamba jioni anataka kuniona ofisini kwake, mimi na yeye tu, habari ya faragha.

Mimi na yeye tu!

Bi Dolores wa kaunta ananiambia nisiwe na wasiwasi. Anadai mzee amechoka, hataweza kuliendesha mwenyewe duka la pili analofungua upande wa mashariki, na kile alichokificha ni funguo zenye utepe mwekundu. Ndivyo wanavyosema siku zote. Tangu saa nne nimemganda mjane mmoja anayetafuta zulia la ngazi. Nimempimia ngazi, nimembebea sampuli, nimekaa kwenye gari lake, na sasa nakunywa chai jikoni kwake. Baba mkwe amepiga simu mara tatu na sijapokea. Mjane anasema ana varanda pia, na kesho nikitaka naweza kuja kuipima.